Siku Bi Zuwena Alipovunja Kufuli Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, asifiwe na nyinyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, asifiwe na watoto waliobanana hapo chini mkekani!

Mimi naitwa Agnesi, wengi hapa mnaniita Mama Neema. Wazee wa kanisa hili wananijua tangu nabebwa mgongoni, maana marehemu baba yangu alikuja Unguja kutoka Tabora kutafuta kazi, akaoa hapa, akatuzaa hapa, na sote tulibatizwa hapa. Lakini kwa zaidi ya miaka miwili hamkuniona. Wapo waliodhani nimehamia Bara. Sikuhama. Nilikuwa papo hapo Mji Mkongwe, mwendo mfupi tu wa miguu. Jumapili nikitoka sokoni Darajani na kapu langu nilikuwa nikizisikia nyimbo zenu, nikikaza mwendo ili nisikutane na mtu.

Mchungaji amenipa nafasi leo, na kabla sijaanza nataka niseme jambo moja nisije nikawadanganya. Mwanangu Neema hasikii. Mlimwombea, mkafunga kwa ajili yake, mkamwekea mikono, na Mungu awalipe. Hasikii mpaka asubuhi ya leo. Aliyekuja akitegemea nitasema masikio yamefunguka, namwomba radhi mapema. Hata hivyo nimekuja kushuhudia, tena nashuhudia bila kuuma maneno, kwamba Bwana ametutendea makuu! Niacheni nieleze.

Neema alikuwa mtoto wa kelele. Alipofika miaka minne alijua nyimbo zote za watoto zinazoimbwa hapa. Alimwigiza muuza kahawa anavyogonganisha vikombe, na paka wa jirani alimpa majina matatu, akimwita yote kwa mpigo. Kisha akashikwa na homa. Siku ya kwanza nikadhani malaria. Siku ya pili shingo ikakaza, akawa hawezi kuinamisha kichwa, nasi tukambeba mbio hospitali. Wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Tulikaa naye wodini wiki tatu. Ndugu zangu, mtoto wa kitanda cha kulia alifariki. Wa kushoto akafariki. Wangu akafumbua macho akaomba embe! Nilipiga vigelegele hadi muuguzi akaja kunikemea.

Tukarudi nyumbani tunashukuru. Siku ya tatu nilikuwa nakuna nazi, sufuria likaniponyoka, likaanguka sakafuni nyuma yake. Mimi mwenyewe nilishtuka. Yeye akaendelea kupanga vifuniko vyake vya soda. Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti kubwa. Nikamwendea nyuma nikapiga makofi karibu na kisogo chake. Aligeuka pale tu alipoona kivuli changu ukutani, akanichekea.

Tuliporudi hospitali daktari alitueleza taratibu. Homa ile ilikuwa imeharibu masikio kwa ndani, pande zote mbili, na halikuwa jambo la dawa. Akaongeza neno jingine. Akasema tumtafutie mahali pa kujifunza lugha ya alama mapema, kabla maneno aliyokuwa nayo hayajampotea. Sikutaka kulisikia hilo. Nilitoka pale nimeshaamua moyoni kwamba Mungu aliyemtoa kifoni hashindwi na masikio, na kwamba kumfundisha mwanangu kusema kwa mikono ni kumwambia Mungu nimekata tamaa.

Na maneno yakampotea kweli. Zilianza kupotea nyimbo. Yakafuata majina. Alipotimiza miaka mitano alikuwa amebakiwa na "mama" na "maji", na yote mawili yalitoka kama mlio tu, mimi peke yangu niliweza kuyatofautisha. Mwisho nayo yakaisha. Alikuwa akitaka kitu anavuta nguo yangu, nisipoelewa anajipiga kichwa ukutani. Watoto wa mtaa wakampa jina la Bubu. Hapa kanisani mama mmoja, nshamsamehe wala simtaji, alinivuta pembeni akaniambia nichunguze nilikosea wapi, maana hayo hayaji bure. Nilikwenda nyumbani nikachunguza. Ndugu zangu, nilichunguza maisha yangu yote mpaka nikachoka, na tangu siku hiyo sikurudi tena hapa.

Mume wangu Jeremia mnamjua, ni mwashi, hutengeneza hizi nyumba za mawe za mjini. Yeye naye alinyamaza. Halikuwa jambo la ugomvi. Alikuwa tu akirudi kazini anakula, anamtazama mtoto, anageukia ukuta. Kazi za mjini zilipopungua akapata ya kujenga skuli huko Pemba, akaondoka, akawa anakuja kwa nadra na kutuma posho. Nikabaki mimi na Neema katika chumba chetu cha chini, chenye dirisha moja la nondo linalotazama kichochoroni.

Mimi nafanya kazi ya kufua katika hoteli moja ya humu humu mjini. Mashuka, taulo, foronya, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mwanzo nilimwacha Neema kwa jirani. Siku moja akamfuata paka kichochoroni, na vespa ikaja kwa nyuma inapiga honi. Yule kijana mwenye vespa alipiga honi mpaka mwisho, akidhani mtoto atapisha. Kama asingejitupa ukutani na vespa yake angemponda. Alichubuka yeye, mtoto hakuguswa. Jirani akaniambia, "Mama Neema, nisamehe, huyu siwezi. Roho yangu ndogo."

Hapa ndipo ninapoona aibu, ndugu zangu, lakini ushuhuda usiotaja dhambi si ushuhuda. Nilinunua kufuli. Kila asubuhi nilimwekea mkate, chupa ya maji na ndoo ya haja, nikafunga dirisha isipokuwa upenyo wa juu, nikatoka nikafunga mlango kwa nje. Mara za kwanza aligonga. Niliposimama nje nilimsikia akigonga kwa viganja, na mimi nikaenda zangu kazini. Baadaye akaacha kugonga. Nilijiambia amezoea, nikamshukuru Mungu eti kwa hilo! Tangu baada ya Pasaka mpaka zikaanza mvua za vuli, mwanangu wa miaka sita alikaa ndani ya chumba kile mchana kutwa, siku sita kwa wiki.

Ghorofani juu yetu anakaa Bi Zuwena. Ni mtu mzima, mjane, anapika mikate ya mofa kwa kuuza. Asubuhi nilikuwa nikimpitia ngazini.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi siku hizi, mbona simwoni?"

"Yuko Chukwani, kwa shangazi yake."

Alinitazama, akasema, "Haya, Mwenyezi Mungu amhifadhi." Hana shangazi Chukwani. Hana shangazi popote Unguja hii. Na Bi Zuwena, kama alivyokuja kuniambia baadaye, alikuwa ameshaanza kusikia mtu akitembea chini ya sakafu yake.

Kulikuwa na siku ya mvua, hoteli imejaa wageni, nikatoka nyumbani kwa haraka. Kila siku nilikuwa nikiliweka juu ya kabati jiko la mafuta ya taa pamoja na kibiriti. Siku ile nilivisahau chini. Nilifua, nikakamua, nikaanika mashuka ndani kwa sababu ya mvua. Nilipotoka alasiri nilipitia mkate, nikaenda nyumbani bila wasiwasi wowote.

Nikakuta mlango wangu uko wazi. Kufuli liko chini, pete ya mlango imeng'oka na kipande cha ubao. Ndani sakafu ni maji matupu, ukuta wa upande wa kabati mweusi mpaka darini, pazia limebaki kamba. Mkeka aliokuwa akichezea Neema umeungua nusu. Na Neema hayupo.

Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye yale maji nikiyapapasa kwa mikono, kama vile mtoto wa miaka sita anaweza kupotea ndani ya maji ya kisigino. Mtu mmoja kwenye baraza ya jirani akaniita, "Mama Neema! Mama Neema! Mtoto mzima! Bi Zuwena kampeleka kituoni!"

Kituo kile nilikijua. Ni nyumba ya zamani ya wakfu, mtaa wa pili kutoka kwetu, ina ua katikati na mabenchi. Kinaitwa kituo cha jamii. Asubuhi watoto wadogo hupewa uji, mchana wanawake hujifunza kushona, jioni vijana husaidiwa masomo, na aliye na tatizo la mirathi au ndoa huenda kusikilizwa. Nilikuwa nakipita kila siku ya Mungu. Sikuwahi kuingia. Nilijiambia mle mna wenyewe, mimi ni Mkristo, asili yangu ya Bara, nikiingia wataniuliza nimefuata nini. Hakuna aliyenifukuza, ndugu zangu. Nilijifukuza mwenyewe, bila kuwauliza.

Niliingia mbio, nimelowa, nimechanganyikiwa. Na badala ya kushukuru nikawaka! Niliwaona watu wamekaa, Sheha, mkubwa wa mtaa wetu, yupo, Bi Zuwena yupo na mkono umefungwa kitambaa, nikapaza sauti: "Nani kawapa ruhusa ya kuvunja mlango wangu?"

Bi Zuwena hakupandisha sauti. Alisema, "Moto ndio ulotupa ruhusa, mwanangu. Niliusikia moshi nimekaa kwenye msala wangu, ndo nimemaliza kusali. Nikashuka, nikamwona kupitia ule upenyo wa dirisha, kasimama anautazama moto unapanda pazia. Nikamwita, nikamwita, na mimi nnajua kama hasikii, lakini ulimi haukunyamaza. Nikachukua mchi wa kinu, nikaupiga mlango wako mpaka watu wa barazani wakaja kunisaidia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikatafuta mtoto kwa macho. Alikuwa ameketi benchi la mwisho, amevishwa gauni lisilo lake, mbele yake bakuli la uji. Akaniona. Ndugu zangu, mama akitengana na mwanawe siku ya hatari kama ile anatarajia nini? Anatarajia mtoto amkimbilie. Neema aliniona, akateremka benchini, akaenda kujificha nyuma ya mwanamke mmoja kijana aliyekuwa ameketi naye.

Mwanamke yule ni Mwalimu Hidaya. Yeye ni kiziwi. Alipoteza usikivu akiwa na miaka kumi, kwa hiyo anasema kwa mdomo, sauti yake nzito na ya kujikwaa, na ukimwelekea usoni anayasoma maneno yako midomoni. Huja pale kituoni kuwafundisha lugha ya alama watoto wasiosikia na wazazi wao. Alisimama akanijia, akaniambia polepole:

"Nilimuuliza mtoto, mama yako yuko wapi. Hana alama hata moja. Lakini akili anayo, akaelewa, akanijibu. Unataka kuona alivyokutaja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu Hidaya akanyoosha mkono, akakutanisha vidole viwili na gumba, akavizungusha. Kama mtu anayegeuza ufunguo.

Hilo ndilo lilikuwa jina langu. Kwa mwanangu niliyemzaa, niliyemuuguza wiki tatu bila kuvua nguo, mimi nilikuwa yule wa ufunguo. Nililia pale uani mbele ya Sheha, mbele ya watu nisiowajua, nililia kama niliyekiwekea akiba kilio changu miaka yote ile. Na Bwana wetu ni mwema! Nilipoinua uso sikuona mtu anayenisema. Bi Zuwena alikuwa ameketi chini karibu yangu, na ule mkono wake uliofungwa kitambaa, akinipangusa kamasi kwa ncha ya kanga yake. Akanambia, "Lia uishe. Ukimaliza kuna kazi."

Sheha alikuwa na haki ya kunipeleka polisi, na alinieleza wazi. Kisha akasema, "Mimi nnataka mtoto awe salama, sitaki kukuona wewe jela. Basi sikiliza. Kila siku unapokwenda kazini, mtoto utamleta hapa. Na kila siku ukitoka kazini, utakuja wewe mwenyewe kusoma lugha yake. Siku moja ukikosa bila sababu, tutaongea vingine." Nikakubali. Ningekubali chochote.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Neema hakunishika mkono njiani. Alitembea upande wa pili wa Bi Zuwena. Mikono yangu imekakamaa kwa sabuni na dawa za kung'arisha mashuka, vidole havikunjuki. Mwalimu Hidaya ananionyesha alama kumi, nikifika nyumbani nimebaki na mbili. Na aibu! Nilikuwa nazungumza na mwanangu chumbani tu. Kichochoroni nazificha alama ndani ya kanga kama mwizi. Alinitibu mzee mmoja kutoka Chukwani, aliyekuwa akimleta mjukuu wake wa kike. Mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu na kofia yake, anatembea njia nzima akizungumza kwa mikono mbele za watu, anacheka, anabishana na yule binti juu ya maembe. Nikasema, kama yeye haoni haya na ndevu zile, mimi ni nani?

Na kituo hakikunifundisha alama tu. Wanawake wa darasa la kushona walinishonea pazia jipya. Vijana walikuja kupaka chokaa ukuta ulioungua. Niliposhikwa na homa mwezi wa Ramadhani, watu waliofunga, wenye njaa zao, walikuja kila jioni na futari, wakaweka sahani yetu kwanza ndipo wakaenda kufuturu kwao. Walijua mimi ni nani. Siku moja nilimuuliza Bi Zuwena kwa nini wanafanya vile kwa mtu asiye wa dini yao. Alinitazama kama niliyeuliza mbona maji yanalowesha. "Kwani njaa inauliza?" akasema. "Kula, uji unapoa."

Neema alikuwa kama ardhi kavu iliyonyeshewa. Mwezi wa kwanza alijua majina ya vitu. Mwezi wa tatu anaulizauliza. Anauliza njia nzima, hiki nini, yule nani, kwa nini yule analia, mvua inakaa wapi! Ndipo jioni moja, tumeketi mkekani tunachambua mchele, akanigusa goti. Akaanza kunieleza jambo, na mimi nikaweka ungo chini nimtazame vizuri. Alionyesha mvua. Akaonyesha mimi, nimelowa, nahisi baridi. Akaonyesha kibiriti, na jiko. Nikajua anasema juu ya siku ile ya moto. Nilikuwa sijawahi kujua aliwasha jiko kwa nini. Sote tulisema ni utundu wa mtoto.

Akamalizia, polepole, ili nisikosee: mama atarudi, ana baridi, nimpikie chai.

Ndugu zangu! Mtoto niliyemfungia kwa kufuli alikuwa ndani anawaza kunipikia chai! Na kama nisingejifunza ile lugha, ningekufa bila kulijua neno lile. Nilimkumbatia, naye akajinasua, kwa sababu ukimkumbatia hawezi kusema, na alikuwa hajamaliza. Alitaka kuniuliza kama namkasirikia. Nikamjibu kwa mikono yangu hii: sikukasirikii, mimi ndiye niliyekosa, nisamehe. Alifikiri kidogo. Akanisamehe, tukaendelea na mchele.

Na tangu hapo hanitaji tena kwa ufunguo. Siku moja Mwalimu Hidaya alimwambia kila mtoto achague alama ya jina la mama yake, na Neema akakunja ngumi mbili akazipinda, kama mtu anayekamua shuka. Ndilo jina langu kituoni. Watoto wote wananiita hivyo, na mimi naitika kwa furaha.

Jeremia alirudi kutoka Pemba karibu na Krismasi. Nilikuwa nimemweleza habari za moto na za kituo kwenye simu, akajibu kwa mkato tu. Jioni ile ya kwanza aliniona nikizungumza na mtoto, akaguna. "Kwa hiyo tumekubali," akasema. "Tumeshamfanya kiziwi."

Nikamwambia, "Baba Neema, alikuwa kiziwi tangu zamani. Tulichomfanya ni mpweke."

Tukakaa kula. Neema akamkazia macho baba yake, akaweka tonge chini, akaanza kumwuliza swali. Akarudia mara mbili. Jeremia akanigeukia, "Anasema nini?"

"Anauliza, huko Pemba kuna paka?"

Mume wangu alibaki na mkono uko sahanini. Mtoto wake hakuwa amemwuliza kitu kwa miaka miwili. "Mwambie wapo," akasema. "Mwambie wapo wengi. Mwambie..." Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe," nikamshika mikono yake ya mwashi, migumu kama tofali, nikamwonyesha. Alilitamka neno lake la kwanza akiwa analia, na Neema akamcheka kwa sababu alilikosea. Jeremia yule yule aliyekuwa akigeukia ukuta! Siku ya pili yake alikwenda kituoni, akamshika Bi Zuwena mkono. Akaona dari ya baraza la uani inavuja, akaenda kuchanganya chokaa. Mpaka leo kituo kile hakivuji.

Sasa Neema ana miaka minane. Anasoma skuli yenye darasa la watoto wasiosikia, na anaporudi hunisahihisha alama zangu kama mwalimu mkali. Na leo tumekuja naye hapa. Bi Zuwena ametusindikiza mpaka getini. Nilimkaribisha ndani, akasema atakaa pale nje kwenye kiti cha mlinzi, anatuombea kwa namna yake. Mkitoka, naomba mpeni mkono. Ni yule mwenye kovu kiganjani.

Nawashukuru nyinyi mlioomba. Nilikuwa nikikasirika kwamba sala zenu hazikujibiwa. Zilijibiwa, ila jibu lilikuja limevaa buibui, na mchi mkononi, nami nilitaka kulifukuza. Namshukuru Mwalimu Hidaya, namshukuru Sheha, nawashukuru wale wa futari. Zaidi ya wote namshukuru Mungu, ambaye hakuniacha na dhambi yangu chumbani mle.

Na kwako wewe uliyeketi hapa kimya. Labda una mtoto ndani ambaye hatumjui. Labda ni mama mzazi anayesahau majina, au mume aliyepooza, au ndugu anayesema peke yake, na umefunga mlango kwa sababu unaogopa macho ya watu. Sikuhukumu, ninawezaje? Nakusihi tu. Usingoje moshi. Njoo kwangu baada ya ibada, nitakupeleka kituoni mimi mwenyewe, nami nitaketi nawe benchini. Mwamini Mungu, na waamini majirani aliokupa.

Neema, njoo. Mpisheni apite. Huyu ana shukrani zake mwenyewe, nyinyi mwangalieni mikono, mimi nitawasomea.

Anasema, namshukuru Yesu. Kwa mama. Kwa baba. Kwa Bi Zuwena. Kwa jino langu jipya, anataka mlione, haya, mlione. Na anasema, nawashukuru nyinyi nyote kwa kuja kuniangalia.

Hapana, msipige makofi, hayatamfikia. Inueni mikono juu, yote miwili, fungueni vidole, itikiseni hivi. Ndivyo wanavyoshangilia wenzake. Na nyinyi wa nyuma. Na wazee, juu kidogo, awaone! Kanisa zima, bila sauti hata moja. Mtazameni uso wake, ndugu zangu. Mtazameni! Anawasikia.